Kwenda Songo Mnara: Uliza Mwezi Kwanza

Watu wengi wanaokuja Kilwa, wawe wametoka Dar es Salaam, Mtwara au hapa hapa Lindi mjini, hupanga safari kwa kuangalia wikiendi. Ijumaa usiku wako Masoko, Jumamosi saa mbili asubuhi wako gatini, na ikifika saa nne wamezama kwenye tope hadi magotini katikati ya mikoko ya Songo Mnara, boti imelala ubavu nyuma yao. Hapo lawama humwangukia nahodha. Lakini nahodha hakupanga siku, alipangiwa.

Mwongozo huu ni wa visiwa vya Kilwa: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, na kidogo Sanje ya Kati iliyo katikati yao. Magofu ya viwili vya kwanza yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo 2014 baada ya kukarabatiwa. Kisiwani anafika yeyote. Songo Mnara ni ya mtu aliyejiandaa, ndiyo maana nitakaa nayo zaidi.

1. Chagua siku kwa mwezi mwandamo

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita tatu. Siku hizo hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Maana yake ni kwamba saa nne asubuhi, saa ambayo mgeni amemaliza chai na yuko tayari kuona magofu, bahari imeondoka.

Mwezi mwandamo ukifika siku ya saba au ya nane, na tena ukifika ya ishirini na mbili au ishirini na tatu, ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana, na kujaa kwake huangukia karibu saa nne asubuhi. Sasa piga hesabu. Ukiondoka Masoko alfajiri, kwa boti ya injini ni saa moja na nusu hivi. Unaingia mikokoni maji yakiwa bado yanapanda, unatembea, unakula, na unaondoka saa saba kabla mlango wa mikoko haujakauka. Kwa hiyo siku za Songo Mnara ni tarehe sita hadi kumi za mwezi mwandamo, na ishirini na moja hadi ishirini na tano. Zikiangukia Jumanne, omba ruhusa kazini.

Tarehe ya mwezi utaipata kwenye kalenda yoyote yenye miezi ya Kiislamu; nyumba nyingi za pwani zinayo ukutani. Ikipishana siku moja na mwandamo wa kweli haitakuharibia safari. Siku hizi kuna hata programu za simu zinazoonyesha kujaa na kupwa kwa saa na dakika. Zitumie kupanga ukiwa mbali, ila siku yenyewe neno la mwisho ni la mvuvi, maana programu haijui lile fungu la mchanga lililohama mwaka jana.

Bamvua nayo si ya kutupwa. Kama unataka kuona kinamama wakienda pwani kutafuta pweza na chaza, na miamba iliyojificha mwezi mzima ikichungulia, njoo bamvua na ukae Kisiwani. Kule gati halikusumbui.

2. Kisha angalia upepo

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, na Juni na Julai ndiyo kali kwelikweli. Asubuhi bahari huwa imetulia kwa pepo za umande zinazotoka bara. Ikifika saa sita kusi limeamka na safari ya kurudi inakuwa ya kulowana. Kwa upande mwingine, hiki ndicho kipindi cha kipupwe, na anayetaka kuviona visiwa vikiwa vimejifunika ukungu aje kipupwe. Alfajiri ukungu hulala juu ya mikoko, kisiwa kinaonekana kipande kipande, kisha jua likipanda kinatokea chote kwa mkupuo. Picha nzuri unazipata kabla ya saa moja na nusu.

Septemba mpaka Novemba ni demani: bahari laini, mvua bado, joto la kuvumilika. Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza na watoto au wazee, nisingemshauri wakati mwingine.

Masika kaa nyumbani. Si bahari tu, ni barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, mvua zake zilikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Wakati wowote wa mwaka, kabla ya kuondoka, sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya mawimbi makubwa, ahirisha bila kubishana na mtu.

3. Fika Kilwa iliyo sahihi

Kilwa ziko tatu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye magofu. Kilwa Kivinje ni mji wa kale ulio bara, uliostawi karne ya 19 kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya, penye gati, benki, nyumba za wageni na vyombo vya kuvuka. Unakwenda Masoko.

Kutoka Dar ni kama kilometa 300, kwa mabasi ya kusini yanayopita Mbagala na kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mwambie konda akushushe Nangurukuru kama basi halifiki Masoko. Wa Mtwara na Lindi nao njia ni hiyo hiyo kwa upande wa pili, wanashuka Nangurukuru. Pale kuna magari madogo na bajaji za kukufikisha Masoko, kama kilometa thelathini. Fanya hivyo mchana. Ukifika Nangurukuru usiku bei inakuwa ya usiku.

4. Kibali na mwongozaji

Magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Usishangae wanyamapori wamefikaje kwenye misikiti ya kale. Serikali iliwakabidhi eneo hili walisimamie pamoja na utalii wake. Kibali unakichukua Masoko kabla ya kuvuka, na malipo ni kwa namba ya kumbukumbu kama malipo mengine ya serikali, unalipia kwa simu au benki. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Kifuate siku moja kabla. Safari inayoanza alfajiri haiwezi kusubiri ofisi ifunguliwe.

Pamoja na kibali omba mwongozaji, na hapa usibane pesa. Songo Mnara bila mwongozaji ni kuta na vichaka tu. Omba mtu aliyezaliwa visiwani kama yupo. Wapo waliokariri karne na majina ya masultani, na wapo wanaojua bibi yao alikuwa akipeleka ubani kwenye kaburi gani. Ukiweza kumpata wa pili, chukua wa pili. Karne utazisoma kwenye vibao.

5. Zungumza na nahodha jioni ya kabla

Shuka gatini baada ya alasiri, wavuvi wakiwa wamerudi. Usianze na bei. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Karibu. Mnatoka wapi?"

"Lindi. Tunataka kwenda Songo Mnara."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Hiyo Jumamosi mwezi utakuwa wa ngapi?"

Nahodha anayekuuliza swali hilo ndiye wako. Anayesema "siku yoyote tu tunakwenda" msalimie vizuri uendelee kutembea.

Mkishakubaliana siku, kagua chombo kwa macho yako. Jaketi okozi liwepo moja kwa kila mtu, lenye mikanda inayofunga. Injini iwe na mafuta ya kwenda na kurudi na akiba juu yake. Upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, uwepo, kwa sababu kule mikokoni injini hupandishwa na chombo kinasukumwa. Tazama pia maji yaliyo ndani ya chombo: mashua za mbao zote huvuja kidogo na kufua maji ni kazi ya kawaida, lakini baharia akiwa anafua bila kupumzika chombo kikiwa bado kimefungwa gatini, tafuta kingine.

Bei mpatane ya chombo kizima, si ya kichwa, na ihusishe muda wa kukusubiri kule. Lipa nusu ya bei kwanza kwa ajili ya mafuta, nusu nyingine mkirudi. Ndivyo wanavyofanya wenyewe kwa wenyewe.

Mashua ya tanga ni tamu, na kwa Kisiwani ndiyo ningechagua. Kwa Songo Mnara chukua injini. Mlango wa mikoko unafungwa kwa saa, na tanga halina ahadi.

6. Siku ya kwanza: Kisiwani

Hata kama moyo uko Songo Mnara, anza hapa. Ni ng'ambo ya mlango wa bahari tu, kilometa mbili hivi kutoka Masoko, na hadithi utakayoisikia itakufungulia macho kwa safari ya kesho.

Inasimuliwa kwamba kisiwa kilikuwa cha Mrimba, mtu wa bara. Akaja Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, na merikebu zake, akakipenda. Mrimba akamwambia: nipe nguo za kukizunguka kisiwa hiki chote, kitakuwa chako. Nguo zikatandazwa ufukweni mpaka ncha zikakutana, Mrimba akazikusanya, akavuka kwenda bara. Wakati huo, wanasema, maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Mrimba akaanza kungoja maji yapwe arudi na watu wake akitwae tena. Hapa simulizi zinaachana. Tarikhi iliyoandikwa kwa Kiarabu inasema watu wa Ali walichimba pale pa kuvukia, bahari ikaingia na haikutoka tena. Simulizi ya Kiswahili inasema ni kisomo cha Kurani na kafara vilivyoizuia njia ya Mrimba.

Wanahistoria wengi huona habari ya Shirazi kama namna ya watawala kujijengea nasaba. Mwaka 2023 watafiti walichapisha kwenye jarida la *Nature* uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya miji ya kale ya pwani, Songo Mnara ikiwemo, na wakakuta kwa wengi asili ya Kiafrika, hasa upande wa mama, ikichanganyika na ya Uajemi kwa upande wa baba. Basi wasimulizi hawakuwa wametunga yote. Lakini mimi ninachokipenda kwenye hadithi hii ni Mrimba. Vita nzima anaipanga kwa kungoja bamvua. Msimulizi wake alikuwa mtu aliyejua maji.

Tembea kwa mpangilio huu. Unashukia karibu na Gereza, ngome iliyo ukingoni kabisa mwa maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 baada ya kuuteka na kuupora mji, wakaondoka 1512. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waarabu wa Oman, la karibu mwaka 1800. Usikae sana. Nenda Msikiti Mkuu.

Hapo kaa. Sehemu ya kaskazini, upande wa kibla, ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ile kubwa ya kusini yenye matao na kuba iliongezwa karne ya 14 na sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ikaja kujengwa upya karne ya 15. Simama katikati ya nguzo asubuhi, jua likiwa bado la mshazari, uangalie jinsi matao yanavyopokezana kivuli. Kisha sogeza uso karibu na ukuta palipobanduka chokaa. Utaona matundu madogo madogo ya matumbawe, kama sega la nyuki. Mji wote ulitolewa baharini: mawe ni matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, na dari zilibebwa na boriti za mikoko.

Msikiti Mdogo wa Kuba na Makutani, jumba la karne ya 18 lenye kuta ndefu, vipite kwa mwendo wa kawaida. Mwisho nenda Husuni Kubwa, peke yake juu ya genge upande wa mashariki. Lilikuwa jumba la vyumba zaidi ya mia, lina hodhi la pembe nane linalotazama bahari, na halikumalizika. Aliyelijenga ndiye huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri huyo aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na alieleza kwa nini sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa: fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, akamvulia papo hapo. Mwana wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na baba aliposikia akamwongezea watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe. Waongozaji wengi huisimulia kama kisa cha ukarimu. Ni kisa cha watumwa pia, na ni vizuri kukisikia kwa masikio yote mawili.

Utajiri huo ulitokana na dhahabu ya Sofala, bandari ya kale kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, iliyopitia hapa. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Moja yenye jina la sultani huyu ilipatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila baharia ana lake.

Rudini Masoko kabla ya magharibi, mle wali wa nazi na mchuzi wa pweza, mlale mapema.

7. Siku ya pili: Songo Mnara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri muwe gatini. Kama ni kipupwe vaa kitu kizito juu. Baridi ya bahari kabla ya jua huwashangaza watu wa pwani wenyewe. Chombo kitapita kando ya Kisiwani, Sanje ya Kati ikibaki ubavuni, kisha mstari wa mikoko utaanza kujitokeza mbele.

Boti haifiki mchangani. Nahodha atapandisha injini, ataingia kwenye kijia cha maji baina ya mikoko, baharia atashika upondo, na mahali fulani atasema "hapa". Mnashuka. Maji yakiwa mazuri ni ya magotini au mapajani, na chini ni tope linalovuta. Vaa yeboyebo au viatu vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma. Ndala zitabaki topeni, na miguu mitupu itakatwa na chaza walioganda kwenye mizizi. Palipo na mchanga buruza miguu badala ya kukanyaga: samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia humo, akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Simu na pesa ziwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, begani, si mfukoni mwa suruali.

Ukitoka mikokoni unakutana na mji. Songo Mnara ilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16, na kwa kuwa haikujengewa juu tena, ramani yake bado iko chini ya miguu yako: ukuta wa mji, misikiti kadhaa, nyumba za mawe kwa makumi, na uwanja katikati wenye makaburi. Mibuyu imeota ndani ya vyumba na baadhi ya mizizi imeshikilia kuta ambazo bila yenyewe zingeshaanguka.

Wageni hukimbilia lile jumba kubwa. Mimi ningeanza na nyumba ya kawaida. Panda ngazi, vuka kiwanja cha ndani, ingia chumba cha nyuma kabisa. Utaona zidaka ukutani, safu safu, palipokaa vyombo vya kaure na taa. Pembeni kuna choo cha mawe, na kando yake mahali pa kutawadhia. Pima kwa mkono upana wa mlango. Hapo ndipo mji unapoacha kuwa magofu: mtu alikuwa akiinama hapa kila alfajiri akichota maji.

Kisha nenda uwanja wa makaburi. Wanaakiolojia waliochimba hapa kuanzia 2009 walikuta kokoto na sarafu zimewekwa kwenye makaburi, dalili kwamba watu walikuwa wakirudi kuwatembelea wafu wao. Katika nyumba moja walikuta zaidi ya sarafu 300 za shaba zimefukiwa pamoja. Mwenyewe hakuzirudia.

Nahodha akipiga kelele za kuondoka, ondokeni. Msiombe "dakika tano za picha". Dakika kumi za maji yanayopwa kwenye kijia kile ni tofauti ya kuelea na kukaa. Ikitokea mmekaa, kaeni kweli: msitoke kusukuma kwa hasira, msiondoke kwa miguu kutafuta msaada mikokoni. Maji yatarudi kwa saa sita hivi. Ndiyo maana chakula na maji ya kunywa huwa ni ya siku nzima hata kama mnategemea kurudi mchana.

8. Adabu za mahali

Visiwa hivi vina watu. Ukifika kijijini piga hodi, salimia wazee kwa shikamoo, na umruhusu mwongozaji akutambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kama mnataka kuzunguka nje ya magofu. Mavazi yafunike mabega na magoti, mwanamke abebe kanga ya ziada. Picha za watu ni kwa ruhusa. Kabla ya kuingia kwenye msikiti wa kale na viatu, uliza.

Ndani ya gofu au chini ya mbuyu unaweza kukuta kitambaa cheupe au chekundu, chetezo, chupa ya maji ya waridi. Usiguse, usiruke juu yake, usipige picha ya kuchekesha. Mtu ameweka haja yake pale. Iwe unaamini mizimu au huamini, hiyo si shughuli yako siku hiyo.

Hadithi zipo nyingi: chunusi anayemvuta mwogeleaji chini, majini wanaokaa kwenye nyumba zilizohamwa, nguva anayedhaniwa mwanamke mpaka apige mkia. Nguva yupo kweli, mnyama anayekula nyasi za bahari, na maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa sehemu chache nchini alikobaki. Ukitaka kusimuliwa, subiri jioni barazani, nunua kahawa ya watu wawili watatu, kisha nyamaza. Usiulize habari za chunusi mkiwa katikati ya mkondo. Baadhi ya mabaharia hawapendi, na hapo wao ndio wenye usukani.

Usichukue kitu. Kigae cha kaure, ushanga, kipande cha chokaa chenye nakshi, vyote vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kijana akikunong'oneza kwamba ana sarafu ya kale anauza, kataa kwa upole. Ikiwa ya kweli ni kosa kuinunua, na ikiwa ya uongo umeibiwa.

9. Mzigo

Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu. Chapati, mihogo, ndizi, tende. Visivyoharibika na visivyohitaji sahani. Kofia, kanga au kikoi, dawa ya mbu, plasta za majeraha. Pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu visiwani usitegemee wakala. Betri ya akiba ya simu. Mfuko wa takataka, na urudi nao Masoko. Mwenye kichefuchefu cha bahari anywe dawa yake nusu saa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika.

10. Ukiwa na siku ya ziada

Sanje ya Kati ina mabaki ya mji mkongwe, lakini kuta zilizosimama ni chache na vichaka ni vingi. Ni ya wapenzi wa magofu. Mwambie nahodha mapema kama mnataka kuipitia mkitoka Songo Mnara, maana inakula saa ya maji.

Kivinje inafikika kwa gari, na nusu siku inatosha kuona nyumba za kale na soko. Songosongo iko mbali zaidi, upande wa kaskazini. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam 2004, kwa hiyo ukifika utakuta wavuvi na mitambo vinaishi jirani. Usafiri wa huko uulizie gatini siku mbili kabla, haufuati ratiba ya watalii.

Wanaoendelea kusini mpaka Mtwara wakaone Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingiliano ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Msimbati ina ufukwe mrefu na matumbawe ya karibu, na kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita nje ya pwani hii na ndama wao. Kiingilio cha huko ni cha hifadhi ya bahari, kibali cha Kilwa hakitumiki.